Kutia Sahihi Taswira za Programu Dhibiti na Kutunza Funguo Zake: Mwongozo kwa Wajenzi wa Vifaa

Kifaa kinapowashwa hakina namna ya kumjua aliyekiandikia programu yake. Kinachoweza kufanya ni kuichukua taswira iliyoko kwenye kumbukumbu, yaani faili zima la programu dhibiti inayokiendesha, na kukokotoa heshi yake, yaani muhtasari wa urefu maalumu unaobadilika hata biti moja ya faili ikibadilika, kisha kuihakiki sahihi iliyoambatishwa kwa kutumia ufunguo wa umma ambao kifaa kimeuamini tangu kiwandani. Kutia sahihi kwenyewe ni amri moja inayomalizika papo hapo. Kinachochukua wiki, na ndicho kinachoharibika mara nyingi, ni maamuzi kuhusu ufunguo wa siri, yaani pacha wa ule wa umma ambao ndio unaotia sahihi: nani anaushika, unakaa wapi, unatumikaje, na itakuwaje siku ukivuja au ukipotea.

Mwongozo huu umeandikwa kwa timu inayojenga taswira kwa Yocto au Buildroot kwa ajili ya vifaa vyenye Linux, au inayotumia MCUboot, programu ya kuwashia kifaa na kuhakiki taswira, kwenye vidhibiti vidogo. Msimamo wake ni kwamba mashine inayojenga programu isiushike kamwe ufunguo wa siri wa uzalishaji, na hatua nyingi zinazofuata zinatokana na msimamo huo.

Hatua ya kwanza: chora mnyororo wa uaminifu

Kabla ya kuzalisha ufunguo wowote, chora kwenye karatasi kila kipande cha programu kinachotekelezwa tangu umeme unapoingia hadi programu tumizi inapoanza, na kando ya kila kipande andika kinahakikiwa na nini na kwa ufunguo upi. Kwenye kifaa cha kawaida chenye Linux, mnyororo huanzia kwenye ROM ya chipu, yaani programu iliyowekwa humo kiwandani, ambayo haibadiliki. ROM husoma heshi ya ufunguo wa umma iliyochomwa kwenye fyuzi, yaani biti za ndani ya chipu zinazoandikwa mara moja tu, na kwa hiyo huhakiki butiloda, programu inayopakia mfumo. Butiloda huhakiki kerneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na DTB, yaani faili linaloieleza kerneli maunzi yaliyopo. Kerneli, kwa msaada wa kipengele chake cha dm-verity, huhakiki mfumo mkuu wa mafaili. Na programu ya kusasisha, kwa mfano RAUC au SWUpdate, huhakiki kila kifurushi kabla ya kukiandika.

Mnyororo huu hukatika mara nyingi mahali pawili. Pa kwanza ni mfumo wa mafaili: kerneli imetiwa sahihi vizuri, lakini sehemu inayobeba programu zote nyingine imeachwa wazi, hivyo anayeweza kuifikia kumbukumbu ya nje ya chipu anabadilisha programu ya kwanza inayoendeshwa na kerneli bila kuhitaji ufunguo wa mtu yeyote. Pa pili ni mstari wa amri wa U-Boot, butiloda inayotumika sana kwenye vifaa vyenye Linux. Hata kama CONFIG_FIT_SIGNATURE, mpangilio wa kuhakiki sahihi za FIT (muundo wa faili unaobeba kerneli na DTB pamoja), imewashwa na ufunguo umewekwa kuwa wa lazima, amri za booti, bootz na go bado zinaweza kuendesha kitu ambacho hakikuhakikiwa. Ziondoe amri hizo, zima CONFIG_LEGACY_IMAGE_FORMAT, weka bootdelay kuwa -2 ili uwashaji usikatizwe kwa kubonyeza kitufe, na hakikisha butiloda haisomi mazingira yake kutoka kwenye kumbukumbu inayoandikika.

Hatua ya pili: chagua algoriti inayokubaliwa na chipu na itakayodumu

Katika kipande cha kwanza cha mnyororo huna uhuru mkubwa, kwa kuwa ROM ya chipu ndiyo inayoamua. Secure Boot V2 ya ESP32 hutumia RSA-3072 kwa mfumo wa PSS, ilhali MCUboot, ambayo ni programu unayoijenga mwenyewe, hukuruhusu kuchagua kati ya RSA ya biti 2048 au 3072, ECDSA P-256 na Ed25519. Kigezo cha kuchagua ni umri wa kifaa kuliko kasi ya uhakiki. RSA-2048 ina nguvu inayokadiriwa kuwa sawa na biti 112, na rasimu ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliyotolewa Novemba 2024 inapendekeza algoriti za nguvu hiyo zianze kuachwa baada ya 2030 na zikatazwe baada ya 2035. Kifaa kinachotarajiwa kukaa kazini miaka 15 kitaipita mipaka hiyo kikiwa na fyuzi zilezile.

ECDSA ina sharti ambalo halionekani kwa macho: kila sahihi huhitaji namba ya siri isiyotumika mara mbili. Desemba 2010 kundi la fail0verflow lilionyesha mjini Berlin kwamba Sony ilikuwa ikitumia namba ileile kwenye sahihi za PlayStation 3, na kwa sahihi mbili tu za aina hiyo mtu yeyote anaweza kuukokotoa ufunguo wa siri. Ed25519 huondoa hatari hiyo kwa kuizalisha namba kutoka kwenye ufunguo na ujumbe wenyewe. Ukilazimika kutumia ECDSA, iache kazi hiyo kwa kifaa au maktaba iliyokaguliwa, wala usiandike msimbo wako mwenyewe.

Kuhusu kompyuta za kwanta, zinazotishia kuzivunja algoriti zilizotajwa hapo juu, NIST iliidhinisha algoriti za LMS na XMSS katika waraka wa SP 800-208 wa mwaka 2020, kisha ML-DSA na SLH-DSA katika FIPS 204 na FIPS 205 za Agosti 2024. LMS na XMSS zinavutia kwa sababu uhakiki wake ni mwepesi, lakini ufunguo wake una hesabu inayosonga mbele kwa kila sahihi. Ukirejesha nakala ya zamani na hesabu ikarudi nyuma, usalama wote umekwisha. Timu isiyo na kifaa maalumu cha kutunza hesabu hiyo isizijaribu.

Hatua ya tatu: tenga funguo kwa kazi zake

Ufunguo wa majaribio na ufunguo wa uzalishaji lazima viwe vitu viwili visivyokutana popote. Wasanidi wanahitaji kutia sahihi mara nyingi kwa siku, na ni haki yao. Wapewe ufunguo wa majaribio, ukae hata kwenye hazina ya msimbo, na bodi zao ama ziachwe wazi ama zifungwe kwa ufunguo huohuo wa majaribio. Taswira ya majaribio ya bodi ya msanidi isitiwe sahihi kamwe kwa ufunguo wa uzalishaji, hata kama kufanya hivyo kutaokoa muda siku moja kabla ya maonyesho.

Hatari ya kuchanganya hizi mbili si ya kufikirika. Julai 2024 kampuni ya Binarly ilitangaza udhaifu uliopewa jina la PKfail: mamia ya aina za kompyuta zilikuwa zimeuzwa zikiwa na ufunguo wa majaribio wa AMI, kampuni inayowauzia watengenezaji programu dhibiti za kompyuta, uliokusudiwa kubadilishwa na kila mtengenezaji, na jina la cheti chake lilibeba maneno ya kuonya kwamba usiaminiwe. Sehemu ya siri ya ufunguo huo ilikuwa imeshavuja. MCUboot nayo huja na funguo za mfano, kama root-rsa-2048.pem, ambazo kila mtu duniani anazo. Na katika Yocto mpangilio wa FIT_GENERATE_KEYS huzalisha funguo kimyakimya ndani ya mashine ya ujenzi pale zinapokosekana. Onyo la maneno halikutosha kwa watengenezaji wale na halitatosha kwako. Weka kizuizi cha kiotomatiki: kabla ya toleo kutolewa, skripti isome ufunguo wa umma uliomo kwenye butiloda, ikokotoe heshi yake, na ikatae toleo zima ikiwa heshi hiyo ni ya ufunguo wowote wa majaribio au haimo kwenye orodha ya funguo za uzalishaji.

Tenga pia ufunguo mzizi, ambao heshi yake inachomwa kwenye fyuzi, na funguo za kazi za kila siku zinazotia sahihi kerneli na vifurushi vya sasisho. Ufunguo mzizi utumike mara chache iwezekanavyo. Kila familia ya bidhaa iwe na funguo zake, ili uvujaji wa moja usiziangushe zote, na ili taswira ya kifaa kimoja isikubalike kwenye kifaa kingine chenye chipu ileile.

Hatua ya nne: zalisha funguo na nakala zake

Watu wengi huogopa ufunguo kuvuja na kusahau kwamba unaweza kupotea. Ufunguo uliovuja unakulazimisha kukimbizana na wavamizi. Ufunguo uliopotea unamaanisha kwamba vifaa vyote vilivyoko kwa wateja havitasasishwa tena, hata ukigunduliwa udhaifu wa hatari kesho yake. Kwa hiyo uzalishaji na uhifadhi wa nakala ni tukio moja, lisilotenganishwa.

Mahali pazuri pa kuzalishia ni ndani ya kifaa maalumu cha kutunzia funguo, kinachojulikana kwa kifupi kuwa HSM, ambacho hufanya kazi ya kutia sahihi humo humo bila kuutoa ufunguo nje, na ambacho kinaweza kuhamisha nakala iliyosimbwa kwenda HSM nyingine ya aina yake. Timu ndogo inaweza kutumia tokeni za USB zinazoelewa PKCS#11, kiwango cha programu kuwasiliana na vifaa vya kutunzia funguo, lakini hapa pana mtego: ufunguo uliozalishwa ndani ya tokeni ya kawaida hauwezi kunakiliwa, na tokeni ikifa, ufunguo umekufa nayo. Kwa hali hiyo ni afadhali kuuzalisha kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote, iliyowashwa kutoka kwenye diski ya kusomwa tu na isiyo na diski ya kudumu, kisha kuuingiza kwenye tokeni mbili au tatu zitakazohifadhiwa majengo tofauti, na hatimaye kuizima kompyuta hiyo ili kumbukumbu yake ifutike. Anayetaka ulinzi zaidi kwa nakala ya mwisho anaweza kuugawa ufunguo wa kuisimbua kwa njia ya Shamir ya mwaka 1979, kwa mfano vipande vitano ambavyo vitatu kati yake vinatosha kuurejesha.

Watu wasiopungua wawili wawepo. Hatua ziandikwe mapema moja baada ya nyingine na zifuatwe kama zilivyoandikwa. Heshi ya kila ufunguo wa umma isomwe kwa sauti, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na kutiwa saini na waliohudhuria. Urasmi huu huonekana kama mchezo wa kuigiza hadi siku mtu anapouliza kama kuna nakala nyingine ya ufunguo na hakuna awezaye kujibu kwa uhakika. Kabla ya kikao kufungwa, rejesha nakala na utie sahihi faili la majaribio kwa kila tokeni.

Hatua ya tano: tenganisha ujenzi na utiaji sahihi

Seva ya ujenzi hupakua msimbo kutoka mamia ya miradi, huendesha skripti za kila mradi, na huwa na watumiaji wengi wenye ruhusa kubwa. Kuweka faili la ufunguo kwenye saraka inayotajwa na UBOOT_SIGN_KEYDIR kwenye seva ya namna hiyo ni kulipatia kila skripti ya kila mradi nafasi ya kulisoma. Badala yake, acha Yocto ijenge kwa ufunguo wa majaribio au bila sahihi kabisa, kisha matokeo yapelekwe kwenye kituo cha kutia sahihi kinachofanya kazi hiyo moja tu.

Kwa taswira za FIT, zana ya mkimage ina chaguo la -F linalotia sahihi faili lililokwisha kujengwa bila kulijenga upya, na chaguo la -N pkcs11 linaloiwezesha kutumia ufunguo ulio ndani ya HSM. Kwa MCUboot, zana yake ya imgtool inaweza kutoa kile kinachotakiwa kutiwa sahihi kwa --vector-to-sign, na baadaye kupokea sahihi iliyotengenezwa kwingine kwa --fix-sig. Unapoandika maelezo ya FIT, sahihi iwekwe kwenye usanidi mzima, wala isiishie kwenye kila taswira peke yake. La sivyo mvamizi anaweza kuchukua kerneli halali ya toleo moja na DTB halali ya toleo jingine, akazipanga pamoja katika muungano ambao hukuujaribu wala kuukusudia.

Mpangilio wa kazi una umuhimu. Ufunguo wa umma wa kuhakiki kerneli huwekwa ndani ya DTB ya U-Boot, na U-Boot yenyewe hutiwa sahihi kwa ajili ya ROM. Kwa hiyo ufunguo wa umma uingie kwanza, U-Boot iunganishwe na DTB hiyo, kisha ndipo itiwe sahihi yake. Ukigeuza mfuatano huo, ROM itaikataa butiloda, na ujumbe wa kosa hautakueleza sababu. Matoleo ya karibuni ya U-Boot yana zana ya fdt_add_pubkey inayoingiza ufunguo wa umma bila kuhitaji ule wa siri, na hivyo seva ya ujenzi inaweza kuikamilisha kazi hiyo bila kugusa kitu cha hatari.

Kituo cha kutia sahihi kisipokee heshi tupu kutoka kwa yeyote anayeomba. Kikipewa heshi peke yake hakijui kinatia sahihi nini, na hapo mvamizi aliyeingia kwenye seva ya ujenzi hana haja ya kuiba ufunguo. Anautumia tu pale ulipo. Kipokee taswira nzima, kikokotoe heshi chenyewe, kihakikishe kwamba namba ya toleo inalingana na tawi lililoidhinishwa la hazina ya msimbo, kidai idhini ya mtu wa pili kwa matoleo ya uzalishaji, na kiandike kila ombi kwenye daftari la matukio ambalo mwombaji hawezi kulifuta.

Kinga iliyo bora kuliko hizo zote ni ujenzi unaorudiwa: mashine mbili zisizotegemeana zijenge kutoka msimbo uleule, na kituo kikubali tu matokeo yakifanana biti kwa biti. Hili linahitaji kuziweka sawa tarehe kwa SOURCE_DATE_EPOCH na kuondoa njia za saraka zinazojipenyeza kwenye mafaili. Ulinganisho ufanywe kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa sahihi za RSA-PSS na kwa kawaida zile za ECDSA huwa na sehemu ya kubahatisha, na mafaili mawili yaliyotiwa sahihi hayatafanana hata kama yaliyomo ni yaleyale.

Hatua ya sita: zuia kurudi nyuma

Sahihi haina kumbukumbu ya wakati. Taswira ya miaka mitatu iliyopita, yenye kasoro zinazojulikana na kila mtu, bado ni halali machoni pa kifaa. Kwa hiyo weka kihesabu cha usalama ndani ya sehemu iliyotiwa sahihi, na kifaa kikatae namba iliyo ndogo kuliko ile kiliyoitunza mahali pasipoweza kurudishwa nyuma. MCUboot huipokea namba hiyo kwa --security-counter. Iongeze pale tu toleo linapoziba kasoro ya usalama, kwa sababu kihesabu kinachotunzwa kwenye fyuzi kina nafasi chache, na atakayekiongeza kila mwezi atakimaliza kabla ya kifaa kuzeeka.

Usitegemee tarehe za vyeti kwenye kifaa kisicho na saa yenye betri. Kifaa kama hicho huweza kuamka kikidhani ni Januari 1970 na kukataa cheti ambacho, kwa saa yake, bado hakijaanza kutumika. RAUC ina mpangilio wa use-bundle-signing-time unaotumia wakati ulioandikwa kwenye sahihi badala ya saa ya kifaa. Vinginevyo, toa vyeti vya muda mrefu na utegemee kihesabu.

Hatua ya saba: choma fyuzi

Fyuzi ikichomwa hairudi ilivyokuwa. Kwenye chipu za NXP i.MX zenye HABv4, yaani mfumo wa NXP wa kuhakiki butiloda, kinachochomwa ni heshi ya jedwali la funguo mzizi zisizozidi nne, ambazo tatu za kwanza zinaweza kubatilishwa baadaye. Zalisha zote nne tangu mwanzo, tumia ya kwanza, na zilizobaki zihifadhi mbali na ile inayotumika, kwani funguo nne zilizo ndani ya sanduku moja ni sawa na ufunguo mmoja. Kwenye ESP32-S2, S3 na C3 kuna nafasi tatu za heshi. Nafasi usizokusudia kuzitumia zibatilishe, ili asije mtu mwingine akazijaza kwa ufunguo wake.

Choma kwanza heshi pasipo kukifunga kifaa, washa taswira iliyotiwa sahihi, na kwenye i.MX endesha hab_status ndani ya U-Boot hadi isiripoti tukio lolote. Baada ya hapo funga bodi chache tu na uzijaribu kwa taswira nne: halali, isiyo na sahihi, iliyobadilishwa baiti moja, na iliyotiwa sahihi kwa ufunguo wa majaribio. Ya kwanza pekee ndiyo iwake. Funga pia JTAG, mlango wa kuchunguzia na kurekebishia chipu, kwa maana mlango huo ukibaki wazi hakuna sahihi itakayosaidia. Kiwanda kinachounganisha bodi kipewe heshi ya ufunguo wa umma na taswira zilizokwisha kutiwa sahihi, basi; hakuna kazi ya kiwandani inayohitaji ufunguo wa siri. Ikiwa bidhaa inauzwa kwa watumiaji wa nyumbani na ndani yake mna programu zenye leseni huria ya GPLv3, wasiliana na mwanasheria kabla ya kuifunga, kwa kuwa leseni hiyo inadai mwenye kifaa apewe maelezo ya kumwezesha kusakinisha toleo lake mwenyewe la programu hizo.

Hatua ya nane: andaa mabadiliko ya ufunguo kabla hayajahitajika

Mwaka 2023 wavamizi waliiibia kampuni ya MSI na kuweka hadharani data zake, zikiwemo funguo za kutia sahihi programu dhibiti na funguo za Intel Boot Guard, mfumo wa Intel wa kuhakiki programu ya uwashaji. Pale ambapo heshi ya ufunguo imechomwa kwenye chipu bila njia ya kuubatilisha, hakuna sasisho linaloweza kurekebisha jambo kama hilo. Jiulize leo, kwa kila ufunguo ulio kwenye mchoro wa hatua ya kwanza, nini kitafanyika ukivuja, na andika jibu.

Kwa funguo za kazi, jibu ni taswira ya mpito: taswira iliyotiwa sahihi kwa ufunguo wa zamani lakini ndani yake ikibeba butiloda yenye ufunguo mpya wa umma. Vifaa vikishaipokea, kihesabu cha usalama huongezwa ili visirudi kwenye taswira zilizotangulia. Kwa ufunguo mzizi, utaratibu hutegemea chipu, lakini kanuni haibadiliki: butiloda mpya itiwe sahihi kwa ufunguo wa pili, ithibitike kwamba inawaka, na ndipo fyuzi ya kuubatilisha ule wa kwanza ichomwe. Atakayebatilisha kabla ya kuthibitisha atabaki na vifaa visivyowaka.

Mfanyakazi aliyekuwa na ruhusa akiondoka, badilisha namba za siri za tokeni na ufute akaunti zake kwenye kituo cha kutia sahihi siku hiyohiyo. Ikiwa ufunguo ulikuwa ndani ya HSM muda wote, haujatoka naye. Ikiwa uliwahi kuwa faili la kawaida, kama la PEM, ambalo aliweza kulisoma, uhesabu kuwa umevuja na uanze taratibu za mpito.

Utaratibu wote wa mpito ujaribiwe kwenye bodi zilizofungwa kabla ya shehena ya kwanza kutoka, ukiwemo ubatilishaji wa ufunguo mzizi wa kwanza kwenye bodi ambazo uko tayari kuzipoteza. Bodi kadhaa zilizofungwa za kila familia ya bidhaa zibaki kwenye maabara kwa muda wote ambao vifaa vya familia hiyo vinahudumiwa, kwa sababu kila toleo jipya la butiloda litahitaji kupitishwa humo kabla ya kuwafikia wateja.